Vyuma vya Mshindi

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wapo wanaodhani kwamba methali hii iliwalenga wavivu peke yao. Asger Lindholt hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa mjanja, na ujanja wake ndio uliomponza.

Katika mashindano ya taifa ya magari huku kwetu Denmark, mshindi hafurahi bure. Akishinda leo, mbio zinazofuata gari lake hufungwa vyuma vya kuliongezea uzito ili wenzake wapate kumfikia. Asger aliichukia mizigo hiyo kama mtoto anavyochukia sindano. Alikuwa amekwisha kuwa wa pili misimu mitatu, na ujana ulikuwa umempa kisogo. Alitangaza kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho. Taji angelipata mwaka huo au asilipate kabisa.

Mwaka wenyewe ulikuwa wa korona. Mbio za Aprili na Mei zilifutwa, zikabaki raundi nne tu kuanzia Agosti. Asger akapanga: raundi mbili za mwanzo asishinde, gari libaki jepesi, mbili za mwisho apae, wapinzani wakihema chini ya vyuma vyao.

Dada yake Birthe, aliyekuwa fundi wake mkuu, hakuafiki.

"Mwaka huu hauna mwisho wa kuaminika, bwana wee. Kilichopo chukua."

"Tulia, dada. Mbio si mwanzo, mbio ni mwisho."

"Haya, profesa."

Raundi ya pili, mzunguko wa mwisho, Asger alijikuta anaongoza. Nyuma yake alikuwa Jeppe Ravn, kijana mcheshi aliyeshinda raundi ya kwanza, gari lake tayari lina mzigo. Birthe alipiga kelele redioni: "Mbele kweupe! Kanyaga, Asger, kanyaga!"

Asger akainua mguu kutoka kwenye mafuta. Jeppe akapita, akashinda, akaongezewa chuma kingine.

"Mwache abebe," Asger alisema huku akivua kofia.

Raundi ya tatu mpango ulitii. Asger alishinda kwa mbali, zikabaki pointi mbili tu amfikie Jeppe. Raundi ya nne ilikuwa ifanyike Novemba, kaskazini mwa rasi ya Jutland. Hapo ndipo korona ilipogundulika kwa vicheche wanaofugwa huko kwa ajili ya manyoya. Serikali ikafunga wilaya za huko, na chama cha mbio kikatangaza kuwa msimu umekwisha, pointi ni zilezile. Jeppe akawa bingwa.

"Masikini Asger, kaangushwa na kicheche!" watu walitaniana kwenye foleni ya mkate.

Wiki iliyofuata Jeppe alifika kwenye karakana ya Asger akiwa na barakoa. Hakuingia. Aliweka bamba la chuma kizingitini.

"Mzee, nimekuletea hiki. Ni kile cha raundi ya pili. Kilikuwa chako."

"Umekuja kunicheka?"

"Sikucheki. Siku ile breki zangu zilikuwa zimekwisha. Ungekanyaga kidogo tu, nisingekuona tena."

Jeppe alipoondoka, Asger aliinama akakiokota. Miaka yote kuvibeba vyuma vile kulikuwa kazi ya mafundi. Yeye hakuwahi kukishika hata kimoja. Alikiinua kwa mkono mmoja, akakigeuzageuza.

"Kumbe si kizito," alisema.

"Hakijawahi kuwa kizito," Birthe alijibu, akaendelea kupanga spana zake sandukuni.

Ama kweli, ngoja ngoja huumiza matumbo.