Pimbi na Mkaguzi wa Nyumba ya Maji

Hapo zamani za kale, enzi ambazo kiangazi kilikuja bila kubisha hodi na kuondoka kilipojisikia, wanyama wa Nyika ya Mawe walikuwa na kisima kimoja tu kisichokauka. Kisima hicho kilikuwa ndani ya nyumba, na nyumba hiyo ilisimamiwa na Tembo na rafiki yake Kifaru.

Aliyeijenga ni Tembo, na aliijenga kwa kipimo chake. Mlangoni aliweka ngazi za mawe, kila moja inafika gotini kwake. Birika la kunywea aliliweka juu, usawa wa mkonga. Ukimuuliza kwa nini, atakwambia nyumba ya heshima lazima ipandiwe. Wafupi walirukaruka au walipanda migongo ya wenzao, na maisha yaliendelea.

Tena palikuwa na desturi: maji hayatumwi. Kila mnyama alikunywa fungu lake kwa mdomo wake, pale pale birikani. Desturi hiyo ilianza mwaka ambao Fisi alichota maji kwa jina la jamaa zake wagonjwa, ukoo mzima, kisha akaonekana anaoga. Toka hapo hakuna aliyeruhusiwa kumchotea mwenzake hata tone.

Sasa, watoto, mnaona tatizo lilipo. Asiyeweza kupanda, hanywi.

Mmoja wa wasioweza kupanda alikuwa Makame, mume wa Pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo wa majabali, ukimwona utadhani sungura aliyekatwa masikio. Makame aliteleza jabalini wakati wa masika, na tangu siku ile miguu yake ya nyuma haikusogea. Alijivuta kwa ya mbele. Alilamba umande kwenye majani, na kiangazi kilipokolea hata umande ukakosekana. Ulimi wake ulianza kupasuka.

Mkewe alijaribu kubana maji mashavuni ili amkimbizie nyumbani. Lakini Kifaru alisimama mlangoni, na kila aliyetoka alimwambia, "Sema aaa."

Pimbi akisema aaa, maji yanamwagika. Kifaru aliinama kuchungulia vinywa, karibu kabisa, mpaka pembe yake ikawagusa watu puani. Magoti yake hayakukosa michubuko. Mwenyewe alisema ni kwa sababu ya kupigana na Nyati.

Basi siku moja mpiga ngoma wa Simba akapita. Ti-ti-ti, tindi!

"Sheria mpya ya Mfalme. Kila nyumba ya maji iingilike na kila mnyama, mwenye viungo vizima na asiye navyo. Mkaguzi atapita. Nyumba itakayoonekana haifai, wasimamizi wake watatolewa."

Ti-ti-ti, tindi, akaenda zake.

"Watatolewa," Tembo akarudia. Neno lile halikumpendeza. Wasimamizi ndio waliokunywa kwanza, na Tembo alikuwa amezoea kujimwagia mgongoni.

"Wanataka mteremko," alisema Kifaru.

"Basi tuwape mteremko."

Wakazifunika ngazi kwa udongo. Tembo akausawazisha kwa unyayo wake mpaka ukang'aa, akachomeka maua pembeni, akarudi nyuma kuutazama. Ulisimama wima kama paa la nyumba, lakini ulikuwa mteremko.

Pimbi aliposikia, alimleta mumewe mchana ule ule. Makame akaanza kupanda. Alijivuta, akapumzika, akajivuta tena. Alipofika katikati, kucha zikakosa pa kushika. Seleleee... puu! Akarudi chini kwa tumbo, vumbi mdomoni. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

"Mteremko upo," alisema Tembo. "Kuupanda ni juu yako."

Pimbi alimfuta mumewe vumbi.

"Turudi nyumbani, mke wangu," Makame alisema polepole. "Nimeshaonekana vya kutosha."

Maneno hayo yalimuuma Pimbi kuliko kile kicheko. Alimrudisha Makame kwenye kivuli cha jabali lao, akamlaza, akamtazama midomo ilivyokauka. Aliona wazi kwamba asipopata la kufanya, mume hana siku nyingi. Kisha akarudi kisimani peke yake, anatembea kama mtu asiye na shughuli.

"Shikamoo, Mzee Tembo. Shikamoo, Mzee Kifaru."

"Marahaba. Kama ni habari ya mumeo, tumeshaimaliza."

"Siyo hiyo. Nimepita tu kuagana."

"Unasafiri?"

"Mimi? Hapana. Ninyi."

Tembo aliacha kupepea masikio. Kifaru alisogea ili amwone vizuri.

"Wenzenu wa Bonde la Chumvi wametolewa," Pimbi akaendelea. "Nao walikuwa na mteremko kama huu. Wao hata maua walitia mengi zaidi. Mkaguzi hakutazama maua."

Huko Bonde la Chumvi Pimbi hakuwahi kufika, wala hakujua kama kuna nyumba. Lakini alisema kwa huzuni kiasi kwamba yeye mwenyewe alianza kuwaonea huruma.

"Mkaguzi ni nani?" Tembo aliuliza.

"Ni Mbuni. Ila haji kama Mbuni. Anakuja..." Akajiziba mdomo. "La. Niliapa nisiseme. Kwaherini, wazee wangu."

Kifaru akaziba mlango kwa mwili wake. "Sema, binti yangu."

"Tangu lini nimekuwa binti yako?"

"Tangu sasa hivi. Sema."

Pimbi alitazama kushoto, akatazama kulia, akashusha sauti. "Amepewa dawa na Kinyonga, ya kujigeuza. Anakuja kama kilema. Leo kiguu, kesho kipofu. Anaweza hata kuvaa sura ya mtu unayemjua. Anapima mwenyewe, kwa mwili wake. Akikwama mahali, akaona hamshughuliki, basi, mmekwisha. Na mkimuuliza kama ni yeye, atakataa."

"Hata Kanga, yule kiziwi?" Kifaru aliuliza.

"Hata Kanga."

"Hata mumeo?"

Pimbi akainamisha kichwa. "Mzee wangu, asubuhi hii mwenyewe sikuwa na hakika ni nani aliyelala kando yangu."

Tembo alikaa chini, puu, nyumba nzima ikatikisika. Alikuwa amekumbuka kicheko cha mchana.

Wa kwanza kufika siku iliyofuata alikuwa Nungunungu, mzee kipofu ambaye kwa kawaida alifukuzwa kwa sababu miiba yake iliwachoma wenzake kwenye foleni. Alikuja akipapasa, ta, ta, ta.

"Karibu, Mheshimiwa," alisema Tembo.

Nungunungu akageuza kichwa. "Kuna mheshimiwa hapa? Basi mimi nitarudi baadaye."

Kifaru alimnong'oneza Tembo, "Anajificha vizuri sana."

"Mheshimiwa ni wewe, mzee wetu. Tuambie, nini kinakusumbua hapa?" Tembo aliuliza.

Nungunungu hakuwahi kuulizwa swali hilo, kwa hiyo lilimchukua muda. "Ah, sijui nianzie wapi. Sijui mlango uliko, sijui kisima kilipo, na siku moja nusura nitumbukie. Mngefunga hata kamba moja, kutoka mlangoni hadi birikani, ningeishika."

Kabla jua halijawa kali kamba ilikuwa imefungwa. Nungunungu akaifuata, akapanda mgongo wa Kifaru, akanywa, akaondoka akijiuliza wamekula nini hawa.

Akaja Swala, mama wa watoto wawili, ambaye mguu wake mmoja ulibaki kwenye mtego wa kamba. Alitazama mteremko, akageuka arudi.

"Mheshimiwa, usiondoke," Tembo akamfuata mbio. "Kasoro iko wapi?"

"Umesimama mno," Swala alisema kwa woga. "Na unateleza. Ungekuwa mrefu, ulale, na uwekwe changarawe."

"Ngazi zangu ziko chini yake," Tembo akalalamika.

"Basi samahani, baba. Nilisema tu."

"Hapana, hapana!" Tembo akazing'oa ngazi zake kwa mkonga, moja baada ya nyingine, huku machozi yanamlengalenga. Akajenga mteremko mrefu, umelala, umejaa changarawe. Ulipokauka Swala akaupanda bila kupumzika.

Kanga naye alipofika ilidhihirika kwamba siku zote alikuwa akipitwa na zamu yake, maana Tembo aliita kwa kupiga mkonga, na Kanga hakusikia. Alikuwa akidhani wanamchukia. Wakaweka kitambaa chekundu juu ya mti, kinapandishwa kila zamu inapobadilika. Siku hiyo Kanga alikunywa zamu yake ilipofika, na alikuwa na mengi ya kusema juu ya jambo hilo.

Pimbi aliyaona yote akiwa juu ya ukuta. Akashuka kwenda kumchukua mumewe.

Makame hakutaka. "Nikaanguke tena mbele ya watu?"

"Twende, Baba. Ukianguka leo, hakuna atakayekucheka."

Alipanda mteremko wa changarawe, anajivuta, kucha zinashika. Alifika juu. Akaingia ndani, mara ya kwanza tangu masika. Na hapo akakutana na birika, liko juu usawa wa mkonga, maji yanasikika yakigota pembeni na yeye hayafikii. Makame akalitazama, kisha akatazama sakafu.

Tembo alimkodolea macho. Huyu alimjua. Huyu ndiye aliyeanguka mbele yake, akachekwa. Lakini ndiyo maana, huenda ndiye.

"Mheshimiwa Makame," alisema, "birika liwe usawa gani?"

Makame alifikiri anadhihakiwa. Alimtazama mkewe, mkewe akamwashiria kwa kichwa ajibu. "Usawa wa kidevu changu," akasema.

Wakachonga birika dogo chini, wakalijaza. Makame akainamisha kichwa na kunywa. Gu, gu, gu. Alikunywa fungu lake lote, akalamba jiwe. Pimbi aligeukia ukutani akalia, maana alikuwa amejizuia siku nyingi.

Haikupita wiki, Mbuni akaja. Alikuja kama Mbuni, kwa miguu yake mirefu, shingo juu, haraka zake nyingi.

"Karibu tena, Mheshimiwa Mkaguzi," alisema Tembo, akitabasamu kwa kujua.

"Tena? Mimi sijawahi kufika hapa."

"Bila shaka, bila shaka. Na dawa ya Kinyonga hukuwahi kuinywa."

"Dawa gani? Kinyonga sisemi naye." Mbuni alichungulia mlangoni. Hakupanda hata hatua moja. "Mteremko upo? Upo. Mmepita."

Tembo alisimama kama amepigwa na jua. "Ngoja. Hutaupima? Ungekuwa wa udongo, umesimama wima, unateleza?"

"Mimi naangalia kama upo," Mbuni alisema. "Nina nyumba nyingi za kupitia." Akaondoka zake mbio, vumbi likamfuata.

Kisha Tembo akageuka polepole na kumtafuta Pimbi, naye Pimbi alikuwa tayari juu ya ukuta, mahali ambapo mkonga haufiki.

"Kwa hiyo Nungunungu alikuwa Nungunungu," alisema Tembo.

"Ndiyo, Mzee."

"Na yule aliyeninyenyekesha nikachonga birika, alikuwa mumeo tu."

"Alikuwa mume wangu tu," Pimbi alijibu. "Alikuwa na kiu."

Tembo akapiga mkonga hadi ndege wakaruka. Ule wa udongo ungetosha! Ngazi zake alizing'oa bure! Akatoa kauli: kesho ngazi zinarudi, kamba inakatwa, birika linapanda juu. Wanyama kwenye foleni wakainamisha vichwa. Makame, aliyekuwa amefika nusu ya mteremko, akasimama pale pale.

"Ngazi hazirudi," ilisikika sauti mlangoni.

Alikuwa Kifaru. Alikuwa amesimama kando ya kamba, na midomo yake imeishika.

"Wewe nawe?" Tembo alishangaa.

"Siku hizi nafika birikani bila kujigonga," alisema Kifaru, anatazama chini. "Mimi sioni vizuri, ndugu yangu. Tangu utotoni. Hatua tatu mbele, yote ni ukungu."

"Na michubuko yote ile? Ulisema unapigana na Nyati."

"Nyati yupi? Zilikuwa ngazi zako."

Tembo alimtazama rafiki yake, akatazama magoti yake, ambayo yalikuwa yamepona. Walikuwa wamekaa pamoja miaka mingi mlangoni pale. Akaenda kuketi kivulini.

Ngazi hazikurudi. Na asubuhi iliyofuata Makame alipojivuta haraka na kumpita Swala kwenye changarawe, Tembo alimfokea bila mheshimiwa wala nini: "Wewe Makame! Panga foleni kama wenzako."

Makame akarudi nyuma, akapanga foleni, na siku nzima alikuwa na furaha.

Hadithi yangu imeishia kwenye foleni hiyo, na funzo lake ni hili: kila anayefika mlangoni mwako, mpokee kana kwamba yeye ndiye mkaguzi.