Mbio za Bwana Semkiwa Kwenye Povu

"Usikimbie kabla hujaiuliza sakafu." Mnanicheka kwa kusema hivyo, na huku kale kamtu ka mchezo kwenye simu yenu kameteleza tena barafuni, na vigae vya mishale vimekarudisha kalikotoka! Mnauliza nimeutoa wapi msemo huu. Basi ulizaliwa namna hii, na mimi sisahau, hasa yale tuliyotakiwa kuyasahau.

Kulikuwa na kiwanda cha sabuni huko Tanga, nami nilifanya kazi humo. Bi Kidawa alikuwa amebeba trei za sabuni humo miaka ishirini na mbili, kutoka kwenye vyungu vya kupikia hadi ghalani. Goti lake la kulia lilivunjwa na kreti mle mle kiwandani, na hata pole hakupewa. Akaja msimamizi mpya, Bwana Semkiwa, saa inaning'inia shingoni. Akatangaza kwamba atakayezidi dakika moja kutoka chunguni hadi ghalani, Ijumaa aende kwao, asirudi tena kazini.

Bi Kidawa alijua jina lake ndilo la kwanza kwenye orodha ya watakaofukuzwa. Nyumbani kulikuwa na vinywa vitano vikimtazama yeye.

"Nipime kesho, siku ya usafi," alimwambia msimamizi. "Tushindane, wewe na mimi. Nikikushinda, uichane orodha yote."

"Mama, na goti hilo? Nakuogopea kuanguka."

"Niogopee kushinda, mwanangu. Kuanguka nimeshazoea."

Siku ya usafi wafanyakazi walikuwa na mchezo wao. Vigae vya ukumbi vilimwagiwa maji ya sabuni. Ukikanyaga, unateleza moja kwa moja mpaka kitu kikuzuie. Katikati kulikuwa na mikanda miwili mipana ya kubebea makreti, mmoja wa kwenda ghalani, mwingine wa kurudi. Lakini siku hiyo fundi aliweza kuigeuza mwelekeo ili mabaki yapukutike, na hakumwambia mtu kama ameigeuza. Hapo ndipo palipokuwa na utamu.

Chiku, mpishi wa sabuni, akakabidhiwa saa. Kila mshindani akapewa trei ya vipande kumi na viwili vya sabuni.

"Bwana, vua viatu!" wanawake walimpigia kelele.

"Viatu vya ngozi hivi? Nimevinunua nivivae!"

Bwana Semkiwa akachomoka. Alipotaka kukata kona, vigae vilikataa. Vikampeleka hadi kwenye nguzo, pu! Akainuka, akarukia mkanda anaouona kila siku ukienda ghalani. Akakimbia. Akakimbia sana. Kila hatua aliyopiga mbele, mkanda uliila.

"Bado uko penye saa ya ukutani!" Chiku alicheka hadi akashika mbavu. "Isalimie!"

Bi Kidawa hakuwa ameondoka. Aliinamia sakafu kidogo, akatazama. Kisha akaupa mlango wa ghala mgongo.

"Amepotea, masikini," mmoja alinong'ona.

Aliteleza taratibu hadi nguzo ya kushoto ikamzuia, kando kabisa ya mkanda wa pili, ule wa kurudi. Akaupanda. Akatengeneza kanga yake. Ndipo akaanza kutembea kuelekea ghalani kwa hatua zake zile zile za kuchechemea, mkanda ukiziongezea zake.

"Sekunde hamsini na moja!" Chiku alipaza sauti Bi Kidawa alipoingia ghalani. Vipande kumi na viwili, hakuna kilichopungua.

Bwana Semkiwa alishushwa akiwa na povu hadi kwenye ndevu. Mwishowe hata yeye alicheka.

"Mama, ulijuaje kama imegeuzwa?"

"Sikujua. Niliuliza. Nilitazama povu la kila mkanda linaelekea wapi. Wewe uliiuliza saa yako, sakafu hukuiuliza."

Bwana Semkiwa akaichana orodha. Sisi hatukutosheka na kuchana. Tulimwandikisha na karatasi kwamba hatafukuza mtu kwa ajili ya dakika, akaitia saini kwa vidole vya povu. Doa lake ninalo mpaka leo. Ijumaa ile hakuna aliyekwenda kwao, ila tulikwenda kupika pilau kwa Bi Kidawa, tukicheza ngoma naye akiwa katikati, goti na yote.

Haya, kamtu kenu karudisheni mwanzo. Vitazameni vigae kwanza. Usikimbie kabla hujaiuliza sakafu.