Msimamizi Mkuu wa Zamu ya Maji, Upande wa Kichuguu

Ngano yangu yabisha hodi.

— Ipite ndani.

Ina pa kukaa?

— Mkeka tumetandika.

Basi ikae, na walio macho waisikilize.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, wanyama wa mbuga moja walikuwa na bwawa moja tu, na kando ya bwawa palikuwa na kichuguu kirefu. Desturi yao ilikuwa hii: wengine wakinywa, mmoja husimama juu ya kichuguu akitazama nyasi. Akimwona Simba hupiga ukelele, wote wakakimbia. Wenzake wakishatosheka, naye hushuka akanywa mwisho, na rafiki mmoja hupanda kumshikia zamu.

Katika walinzi wote hakuna aliyemfikia Kongoni. Macho makali, miguu haichoki. Kiangazi kizima alilinda yeye, na Simba alilala njaa. Rafiki wa kumshikia zamu alikuwa Pundamilia, ambaye walikua pamoja tangu wakinyonya.

Wanyama wakataka kumshukuru. Na kwa kuwa cheo hakiliwi wala hakinywewi, wakampa cheo. Mbweha, aliyependa maneno marefu na mabaki ya Simba, ndiye aliyekitunga: Msimamizi Mkuu wa Zamu ya Maji, Upande wa Kichuguu. Upande mwingine haukuwapo, lakini hakuna aliyeuliza.

Kongoni akakirudia kile cheo kimoyomoyo. Akakiona kitamu kuliko maji.

Kwanza alisema kwamba mlinzi mwenye kiu haoni vizuri, kwa hiyo atakunywa wa kwanza. Wanyama wakasema ni haki yake. Akanywa, na Pundamilia akapanda kichuguu kama zamani.

Lakini Kongoni alipoinua kichwa majini, aliona wanyama wote wanamtazama Pundamilia kule juu. Moyo ukamchoma. Kesho yake akatangaza kwamba kichuguu sasa ni ofisi, hakipandwi na asiye na cheo.

Pundamilia akamvuta pembeni. "Ndugu yangu, ukiwa unakunywa, nani atatazama?"

"Mimi."

"Na mdomo umo majini?"

Kongoni akamwambia kwamba wivu ni ugonjwa, na wagonjwa hupumzika nyumbani. Wengine wakasema mwenye cheo ndiye ajuaye.

Siku nyingine Ngiri akasikia mchakacho, akapiga ukelele. Wote wakatimka, na Kongoni mbele yao, pamoja na cheo chake. Kumbe ni Kanga anachakura. Wanyama wakacheka mpaka wakaketi chini, Kongoni hakucheka. Jioni ile ikatoka amri ya tatu: ukelele wa hatari haupigwi ila kwa idhini yake. Ngiri akataka kujua idhini huombwaje. Mbweha akamjibu kwamba huombwa kwa adabu, na kwa sauti ya chini.

Basi siku ikafika. Kongoni alikuwa bwawani, anakunywa wa kwanza. Kichuguu kitupu. Pundamilia akaona nyasi zinagawanyika, na upepo umelala. Akafungua kinywa apige ukelele, kisha akakifunga, maana alikuwa mtiifu, na alimpenda yule aliyetoa amri. Akaenda mpaka majini, akainama.

"Mheshimiwa, naomba idhini. Simba yupo."

Kongoni hakuinua kichwa. "Ngoja nimalize."

Pundamilia akangoja. Simba hakungoja.

Mbweha alitangaza kwamba kumetokea ajali ya nyasi, akatoa pole kwa niaba ya wote, kisha akawahi mabaki.

Kongoni alipanda kichuguu na macho mekundu. Alizifuta amri zake, ya tatu, ya pili na ya kwanza. Akasema atakunywa mwisho, kama zamani. Wakanywa wote, akalinda. Zamu yake ya kunywa ilipofika, akaangalia chini amtafute wa kumshikia zamu. Ngiri alikuwa na safari. Kanga alikuwa na wageni. Kila mmoja alikuwa na lake.

Ndipo akajifunza kuishi kwa umande wa majani. Hata leo ukipita mbugani utamwona Kongoni juu ya kichuguu, peke yake, anatazama nyasi. Watu husema analinda. Mimi nadhani anatafuta milia.

Enyi msikiao, cheo ni mzigo unaowabebea wenzako. Ukikigeuza kiti, wa kwanza utakayemkalia ni akupendaye.

Ngano yangu imeinuka, inavaa viatu.

— Iende salama.

Na akija mtu kuwauliza habari za ile ajali ya nyasi, mwambieni hivi: Simba alionekana, Kongoni akaambiwa, Kongoni akaendelea kunywa, Pundamilia akaliwa.