Fisi Apewa Kumi kwa Kumi

— Mko?
— Tupo!
— Na masikio?
— Yapo!
— Na simu?
— Tumezima!

Mnanidanganya, naona nyuso zinang'aa huko nyuma. Haya, nasimulia hivyo hivyo. Nimechoka kugombana na watu wazima.

Palikuwa na chuo kikuu cha wanyama, na mhadhiri wake mmoja, Daktari Korongo. Korongo alikwenda semina wiki moja, akarudi na mambo mapya. "Kukariri basi!" akasema. "Somo mtalitazama kwenye simu, darasani mtajadiliana. Kazi mtafanya kwa vikundi, na mwisho kila mmoja atampima mwenzake kwenye fomu ya mtandaoni." Mambo mazuri, sikatai. Lakini vikundi vyenyewe alivipanga kwa kompyuta, na kompyuta haimjui Fisi.

Kikundi cha tatu kikapata Nguchiro, Kobe, Kanga na Fisi. Kazi yao: mchwa wanajengaje kichuguu? Nguchiro alikuwa ameshafeli somo hilo mara moja. Akifeli tena anafukuzwa chuo, anarudi kwao kufukua madudu.

Wakafungua kundi la kutumiana ujumbe. Nguchiro akachimba kichuguu, kwaru kwaru kwaru, akatuma habari. Ting! Fisi akajibu: "Tuko pamoja." Kobe akapima vyumba, kimoja kimoja, akatuma vipimo. Ting! "Tuko pamoja." Kanga akachora, akafuta, akachora tena, akatuma mchoro. Ting! "Tuko pamoja." Pamoja wapi? Jamaa kalala kivulini, tumbo juu!

Siku ya kukusanya kazi akaja mbio. "Jina langu liko wapi?"

"La nne, kaka Fisi," akasema Kobe.

"La nne? Liweke la kwanza! Na kwenye fomu mnipe kumi kwa kumi. Atakayenipa tisa, namla." Akapanua kinywa, wakaona mpaka koromeo.

Kanga akalia. Kobe akaingia gambani. Nguchiro akasema, "Kumi tu, kaka? Tutakupa kumi, na sifa juu yake."

Nguchiro alimjua Korongo. Akiambiwa mwanafunzi anaweza kufundisha wenzake, hakai kitini kwa furaha. Basi akaandika: "Fisi ndiye aliyetuelewesha yote. Anastahili kufundisha darasa zima." Wenzake wakanakili.

Korongo aliposoma, manyoya yakamsimama kwa furaha. "Hiki ndicho nilichokuwa nakitafuta! Fisi, njoo mbele. Leo unafundisha wewe."

Fisi akaenda mbele, kifua nje. Nguchiro akanyoosha mkono. "Mwalimu Fisi, hewa inaingiaje ndani ya kichuguu?"

Fisi akameza mate, gudu! "Swali zuri. Jadilianeni kwa vikundi."

Wakajadiliana. Na Korongo, sijui nimwite nani, akatabasamu kwa kuridhika!

"Tumejadiliana," akasema Nguchiro. "Sasa jibu?"

Fisi akashika sikio. "Haloo? Haloo? Siwasikii. Mtandao unakatakata."

Mtandao! Yuko mbele yao, mkia wake unagusa meza ya Korongo! Darasa likaangua kicheko, kwa kwa kwa! Fisi akatoka mbio, tifu tifu tifu, hajarudi mpaka leo.

"Nguchiro, jibu wewe," akasema Korongo. Nguchiro akajibu: hewa ya moto inapanda na kutoka juu, ya baridi inaingia kwa matundu ya chini. Kobe akataja vipimo. Kanga akaeleza mchoro.

"Sasa kwa nini mlimpa yule kumi?"

"Ana meno, Daktari," akasema Nguchiro, "na fomu yako inaonyesha majina yetu."

Korongo akaifunga fomu yake. Akawafaulisha wote watatu, kisha akaandika ripoti kwamba njia mpya imefanikiwa sana.

Hadithi yangu imekatikia hapo. Anayeitaka ndefu aiunge mwenyewe.

Na funzo, maana najua mtaniuliza: katika kazi ya kikundi usijisumbue. Lala. Dai jina lako liwe la kwanza. Utapewa kumi kwa kumi, na mwalimu atakuita mbele kama mtu wa maana.

Nyie! Mbona mnaandika kweli?