Taa Moja ya Vifaranga

Fundi umeme Sikudhani aliitwa kwa tajiri Shekilindi akakadirie vifaa vya banda jipya la uani. Banda lilikuwa na vyumba viwili, kimoja cha vifaranga, cha pili cha Mwanahawa, mfanyakazi wa ndani mwenye mtoto mchanga. Kabla Sikudhani hajatoa futi yake, Mwanahawa alishamletea bakuli la uji, naye mwenyewe akabaki kukwangua sufuria.

"Taa moja tu, ya vifaranga," tajiri alisema. "Ukiongeza hata holda, naita fundi mwingine."

"Na huyu mama, bosi? Ananyonyesha gizani."

"Kwani mtoto anahitaji taa kulijua ziwa?"

Sikudhani akacheka, akapima kuta. "Haya bosi. Taa moja, holda moja, swichi moja na waya kidogo. Hakuna fundi atakayekukadiria chini ya hapo."

Tajiri akafurahi, akanunua vyote siku hiyohiyo.

Jioni alipokuja kukagua, alikuta chumba cha Mwanahawa kinang'aa na mtoto anacheka.

"Wewe fundi! Nilisema taa moja!"

"Ni hiyohiyo moja, bosi. Nimeifunga juu ya ukuta wa kati, ule uliowakataza waashi wasiufikishe paani ili uokoe matofali. Mwanga umeruka."

"Basi pazibe!"

"Nikupigie hesabu ya matofali na saruji?"

Tajiri akakohoa. "Aa, acha. Swichi iko wapi?"

"Kwa Mwanahawa, bosi. Vifaranga hawaifikii."