Semina ya Fisi na Karantini ya Bibi Pelele

— Nikiita, mtaitika?
— Tutaitika!
— Hata nikiita kutoka juu ya jabali?
— Tutaitika!
— Haya, shikeni neno lenu, mimi nashika hadithi.

Alikuwapo Bibi Pelele, yule mnyama mdogo wa majabali asiye na mkia. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya jabali peke yake, kutazama nani kaumwa na nani kafa, kisha kupeleka habari kwa Bwana Afya. Mshahara wake ulikuwa barua ya uteuzi. Chini, penye chemchemi, waliishi wajukuu zake watatu.

Asubuhi moja akamwona Swala kaanguka, pu! hatua chache juu ya chemchemi. Damu nyeusi inamtoka puani, haigandi. Bibi Pelele akaijua: kimeta. Na kimeta hakiulizi ukoo. Kinaanza kwa swala, kinapita kwa ng'ombe, kinaingia kwa mwenye ng'ombe.

Akakimbia, tipi tipi tipi, mpaka kwa Bwana Afya. Na Bwana Afya alikuwa nani? Fisi. Aliteuliwa kwa uzoefu wake mrefu wa mizoga.

"Mkubwa, Swala kafa. Asiguswe, azikwe palepale, upesi!"

Mate yakamdondoka Fisi, do, do, do. "Bibi wee, mzoga wowote ni mali ya ofisi. Nakuja kuukagua."

"Utaukagua na nini?"

"Na meno. Kwanza nauburuta hadi chemchemini; nyama kavu hunikwama."

Bibi Pelele akawakumbuka wajukuu. Akainamisha kichwa. "Basi nitawaambia huendi."

"Siendi wapi?"

"Semina, mkubwa. Nyuma ya vilima saba, siku tatu. Asubuhi chai na nyama, mchana nyama..."

"Na jioni?"

"Jioni majumuisho. Na nyama."

Fisi? Vumbi tu, furrr!

Bibi Pelele akamwita Muhanga, fundi wa mashimo. Akachimba chini ya mzoga, kwaru kwaru kwaru, hata Swala akazama mwenyewe, bup! Muhanga naye akaingia ardhini, kama kawaida yake, asionekane tena. Bibi Pelele akafukia peke yake kwa vikono vyake, akatandaza miba juu. Chemchemi ikabaki safi. Hakuumwa mtu.

Siku ya nne Fisi akarudi, tumbo limegusana na mgongo. Semina hakuiona. Lakini mkubwa atasemaje kwamba kachezewa na pelele? Akaandika taarifa: "Semina ilifana. Kutokana nayo, kimeta kimedhibitiwa." Akavishwa nishani.

Kisha akaenda jabalini, akasimama mbali. "Bibi, umeshika udongo wa mzoga. Karantini! Siku ishirini na moja. Hushuki bila barua yangu."

"Taratibu ni taratibu," akajibu Bibi Pelele. Hata yeye, angekuwa ndiye Bwana Afya, angeamua vivyo hivyo.

Siku zikaisha. Barua haikuja. Mwenye kuiandika yuko semina. Siku hizi anaalikwa za kweli.

Hata leo, jua likitua, Bibi Pelele huita: "Zimeishaaa? Zimeishaaa?" Wajukuu wanamsikia, wananyamaza. Ni watoto wenye adabu: aliye karantini haitikiwi.

Funzo lake, jamani: ukitaka kuzuia maradhi, usihangaike kukesha jabalini. Hudhuria semina.

Hadithi imeisha, mimi nashuka. Yeye bado.

— Nikiita, mtaitika?

— Mbona kimya?