Dundu wa Kioo

Sogeeni, niwape kisa cha Merita, mke wa Hapu, zamani hizo Misri. Mumewe alimvika kidani chenye sanamu ya dundu, yule mdudu aviringishaye mavi, ya kioo cha buluu. Asubuhi ya kwanza Merita alikuta donge la mavi kitandani. Ya pili, ndani ya unga. Ya tatu, kinywani mwake mwenyewe. Akatapika mpaka nyongo.

“Umekitoa wapi kidani hiki?”

“Kaburini, kifuani mwa marehemu mama yako,” Hapu akajibu, huku akitafuna mkate. “Yeye ana haja nacho gani?”

Merita akakirudisha ndani ya sanda, na mavi yakakoma. Lakini kila Hapu alipomnyooshea mkono, Merita aliukwepa mkono ule uliomwibia mama yake. Siku ya saba akafunga virago, akarudi kwao, na kisa changu kikalala hapo.